Kiimbo: Sauti Kupanda na Kushuka katika Kiingereza cha Mtoto

Kiimbo ni namna sauti inavyopanda na kushuka mtu anapozungumza. Kisichanganywe na ukubwa wa sauti: unaweza kusema kwa sauti ndogo huku inapanda, na unaweza kupaza sauti huku inashuka. Kinachobadilika ni wembamba na uzito wake. Mtoto aliyesimama ufukweni Mtwara akisema "Kivuko kimefika." anatoa habari, na akisema "Kivuko kimefika?" anauliza. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, na msikilizaji hahitaji kuona alama yoyote ili ajue kama anaambiwa au anaulizwa. Kazi yote imefanywa na kiimbo.

Kwa hiyo mtoto wetu haingii kwenye somo la Kiingereza mikono mitupu. Kiimbo anacho, tena pengine kabla hajawa na neno hata moja. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliolinganisha vilio vya watoto wachanga wa Ufaransa na wa Ujerumani waliokuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Wale wa Ufaransa walielekea kulia kwa sauti inayopanda, wale wa Ujerumani kwa sauti inayoshuka, kila kundi likifuata mwendo wa lugha ambayo mama zao walikuwa wakiizungumza. Sikio hutangulia ulimi kwa mbali.

Shida inaanzia kwenye kanuni tunayowapa. Madarasa mengi hufundishwa hivi: swali, pandisha, taarifa, shusha. Ni kanuni fupi, inakaririka, na inampoteza mtoto, maana maswali mengi ya Kiingereza hushuka. "Where is your book?" hushuka. "What is your name?" hushuka. Mtoto aliyeambiwa kwamba kila swali hupanda atalisoma "What is your name?" kama mtu aliyeshtuka, au kama vile jina alishatajiwa akalisahau.

Kanuni ninayoiamini mimi ni nyingine. Sauti inayoshuka inasema: nimemaliza. Sauti inayopanda inasema: bado. Bado nina maneno, au bado nakungoja wewe useme. Ukiishika hiyo, karibu kila kitu kingine kinajipanga chenyewe.

Na hii watoto wanaijua vizuri mno, kwa sababu wanaiishi darasani kila siku kwa Kiswahili. Mwalimu wa sayansi yupo ubaoni: "Moyo unasukuma daaa…" Sauti inapanda, inaning'inia hapo juu, na darasa zima linamalizia kwa pamoja: "…mu!" Hakuna aliyewaelekeza kuitikia. Sauti iliyobaki juu imewaambia kwamba sentensi haijakamilika na zamu ni yao. Mwalimu huyo huyo akisema "Moyo unasukuma damu." na sauti ikatua, darasa linakaa kimya na kuandika. Mwalimu wa Kiingereza ana mfano huo mkononi, na ningependa sana autumie kabla ya kugusa neno lolote la kigeni.

Mfano wa pili upo stendi. Msikilize konda wa basi linalotoka Mtwara kwenda Masasi akitaja njia: "Mikindani, Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda, Masasi!" Vituo vya katikati vinabaki juu, kila kimoja kinadokeza kwamba kingine kinafuata, na sauti inatua Masasi kwa sababu safari imefika. Orodha ya Kiingereza huenda hivyo hivyo. "We bought coconuts, cassava, fish and cashew nuts." Panda kwenye "coconuts", panda kwenye "cassava", panda kwenye "fish", shuka kwenye "cashew nuts". Waanze watoto kutaja vituo kama konda, halafu waingize bidhaa za sokoni kwa Kiingereza kwa sauti ile ile. Kisha mtoto mmoja aache orodha yake juu makusudi, na wenzake waseme kama amemaliza au bado. Zoezi hilo linafanyika hata pasipo na kitabu.

Sasa turudi kwenye maswali. Swali la ndiyo au hapana kwa kawaida hupanda: "Are you hungry?" "Is the teacher here?" Anayeuliza ameacha mlango wazi, jibu litaufunga. Lakini swali lenye "where", "what", "who", "when", "why" au "how" kwa kawaida hushuka, kwa kuwa neno lenyewe la kuulizia limeshatangaza kwamba hili ni swali, na sauti haina haja ya kurudia kazi hiyo. Likipandishwa huwa na maana nyingine: muulizaji anataka arudiwe jambo aliloambiwa, au anaongeza upole kwa mtoto mdogo au mgeni.

Maswali ya kuchagua ndiyo matamu kufundisha. "Do you want tea or porridge?" Sauti ikipanda kwenye "tea" na kushuka kwenye "porridge", maana yake vipo viwili tu, chagua kimoja. Ikipanda kote kuwili, mwenyeji anauliza kama mgeni angependa kinywaji chochote, na mgeni anaweza kujibu "No, thank you" bila kuonekana hakuelewa. Neno moja tu linatosha kuonesha nguvu hiyo. "Sorry" inayoshuka ni kuomba radhi. "Sorry?" inayopanda ni kuomba urudiwe ulichoambiwa. Mtoto aliyemkanyaga mwenzake akaipandisha ataonekana hajali, na kosa si lake, ni kwamba hakuna aliyemwonesha.

Sauti haipandi au kushuka popote tu kwenye sentensi. Badiliko kubwa huanzia kwenye silabi yenye mkazo ya neno lenye uzito, na mara nyingi neno hilo huwa la mwisho au karibu na mwisho. Hapo Kiswahili chetu kinaingia. Sisi tumezoea mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto huupeleka mkazo huo huo kwenye Kiingereza. "Teacher" na "banana" humtoka sawasawa kwa sababu mkazo wake unaangukia hapo hapo. "Hospital" humkwamisha: mkazo wake uko mwanzoni, kwenye "hos", naye anauweka katikati. Akiuliza "Is she in hospital?" upandaji unatakiwa uanzie kwenye "hos" na uendelee hadi mwisho wa neno. Ukikosea mahali pa mkazo, kiimbo nacho kinahama. Ndiyo maana ni vyema neno lipigiwe makofi kwanza, silabi moja moja, kofi kubwa penye mkazo, ndipo sentensi isemwe.

Watoto wengi wa Mtwara na Lindi wana pia Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua nyumbani. Kimakonde, kwa mfano, hurefusha silabi ya pili kutoka mwisho mwishoni mwa kirai, yaani kifungu cha maneno, na Kiyao ni lugha yenye toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba sarufi. Mtoto wa namna hiyo ana sikio lililozoea kufuatilia sauti kuliko tunavyodhani. Inaniuma kusikia akichekwa kwa lafudhi yake ya kusini mbele ya darasa, kwa sababu mtoto aliyechekwa hujifunza kusema Kiingereza kwa sauti bapa, ya tahadhari, na sauti bapa haina kiimbo chochote cha kurekebisha.

Kitu kingine kinachozalisha sauti bapa ni kusema kwa pamoja kila wakati. Watoto arobaini wanasimama: "Gu-ud mo-o-ning ti-i-cha!" Kila silabi ina urefu sawa, na wimbo ni ule ule awe ameingia mwalimu au mgeni. Kuitikia kwa pamoja kunawasaidia wenye haya, sikatai. Lakini watoto wakifika kwenye "How are you?" wawageukiane wawili wawili, aulize mmoja na ajibu mmoja. Kiimbo kinahitaji mtu wa kuambiwa.

Kwa mbinu, mwalimu au mzazi hahitaji mengi. Mkono unaopanda na kushuka pamoja na sauti. Mishale ya chaki juu ya maneno ubaoni, mmoja tu kwa kila sentensi, penye badiliko kubwa. Na kuvumisha sentensi mdomo ukiwa umefumbwa, bila maneno, wengine wabashiri kama ni swali la ndiyo au hapana, orodha au taarifa. Hili la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamtoa mtoto kwenye hofu ya kukosea maneno.

Nimeeleza hapa mazoea ya Kiingereza kinachofundishwa shuleni, ambacho kimetokana zaidi na cha Uingereza ya kusini. Si kila Mwingereza au Mmarekani huenda hivyo. Huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, taarifa za kawaida mara nyingi huishia juu, na vijana wengi wa Australia na New Zealand nao hupandisha mwisho wa taarifa bila kuuliza chochote. Mtoto akikutana na sauti hizo kwenye simu au televisheni akasema mbona yule anapandisha, ana haki ya kujibiwa kwamba yule naye yuko sahihi kwao.

Kuna kiimbo cha tatu, kinachoshuka kisha kikapanda, ambacho Waingereza hukitumia kukubali nusu nusu: "It's good…" maana yake ni nzuri, ila kuna neno limebaki. Kwa mtoto wa shule ya msingi hicho kinaweza kusubiri. Ashike kwanza nimemaliza na bado, aweze kuvisikia kwa mwenzake, kisha avitoe mwenyewe. Akifika kidato cha kwanza, ambako Kiingereza kinageuka lugha ya kufundishia masomo karibu yote, atamfuata mwalimu vizuri zaidi: atasikia wapi maelezo yamekamilika na wapi bado yanaendelea, hata pale ambapo maneno yenyewe hajayapata yote.