Daktari Lardner na hewa aliyoisahau

Kuna kauli inayozunguka sana intaneti: eti Daktari Dionysius Lardner, mhadhiri wa sayansi wa karne ya 19, aliwaonya watu kwamba treni ikienda kasi mno, abiria watakosa pumzi na kufa. Nafundisha historia ya sayansi, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuniletea kauli hiyo huku akicheka. Namuuliza: ukurasa gani? Hadi leo hakuna aliyenionyesha. Makosa yake ya kweli yanachekesha zaidi, na mawili kati yake yanahusu hewa hiyo hiyo.

Lardner alizaliwa Dublin mwaka 1793, akasoma Trinity College, na mihadhara yake kuhusu injini ya mvuke ndiyo iliyompa jina. Mwaka 1828 alipata uprofesa katika chuo kikuu kipya cha London, akaondoka 1831. Riziki yake ilikuwa kwingine: kumbini, mbele ya watu waliotaka kuelezwa mashine zilizokuwa zikiwabadilishia maisha.

Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili reli ya Great Western, kutoka London hadi Bristol. Mhandisi Brunel alitaka kutoboa handaki pale Box, lenye urefu wa karibu kilomita 3 na mteremko wa 1 kwa 100. Inasimuliwa kwamba Lardner alipinga: breki zikifeli humo, treni itachomoka upande wa pili kwa maili 120 kwa saa. Brunel akajibu kwamba daktari kasahau msuguano na ukinzani wa hewa. Hesabu hii huwa naifanya ubaoni. Handaki zima linashuka mita 29 tu. Futa msuguano wote, futa na hewa, treni ianze ikiwa imesimama: itatoka na kasi ya kilomita 86 kwa saa, yaani maili 53. Kwa hiyo hata mahali pasipo na hewa, 120 ni mbali.

Miaka mitatu baadaye Lardner huyo huyo akatumiwa kupima injini za kampuni hiyo ya reli. Akajaribu injini iitwayo North Star, akaona kila kasi inapopanda, mzigo inaoweza kuuvuta unaporomoka. Akatoa hukumu: hewa! Aliyeisahau juzi, leo kaitwisha lawama zote. Brunel na msimamizi wake wa injini, kijana Daniel Gooch, hawakubishana naye kwa maneno, waliangalia dohani. Katika injini zile, mvuke uliokwisha kufanya kazi hupulizwa kupitia dohani ili uvute hewa na kuchochea moto. Bomba la kupulizia lilikuwa na kasoro. Wakalirekebisha, na North Star ile ile ikavuta mzigo mkubwa zaidi kwa kasi ile ile, tena kwa makaa machache.

Hadithi ya meli ni ya aina hiyo. Mwaka 1836, mjini Bristol, alihesabu makaa na kuonyesha kwamba safari ya mvuke ya moja kwa moja hadi New York haitalipa. Aprili 1838 meli ya Brunel, Great Western, ilitia nanga New York ikiwa na tani 200 hivi za makaa zilizobaki.

Lakini mtu huyu huyu ndiye aliyehariri Cabinet Cyclopaedia, mfululizo wa vitabu vya maarifa: juzuu 133 kati ya 1829 na 1846, kila moja shilingi 6. Aliwapata waandishi ambao mhariri yeyote angewaota: John Herschel, David Brewster, Walter Scott, Mary Shelley. Kitabu cha Herschel katika mfululizo huo kilimwasha moto kijana mmoja wa Cambridge aitwaye Charles Darwin. Nikipewa kuchagua, nitamsamehe Lardner lile handaki kwa ajili ya juzuu hiyo moja.

Alianguka 1840, alipotoroka na mke wa kapteni mmoja wa jeshi. Mahakama ikamtoza fidia ya pauni 8,000. Akaenda Marekani na Cuba, akahutubu miaka kadhaa na kutengeneza fedha nyingi, kisha akahamia Paris. Alifia Naples mwaka 1859.

Andiko lake ninalolipenda kuliko yote ni makala ya Julai 1834 katika jarida la Edinburgh Review, kuhusu mashine ya kukokotoa ya mwanahisabati Charles Babbage. Humo anasema kwamba katika juzuu 40 za majedwali ya hesabu kulikuwa na makosa 3,700 yaliyokiriwa. (Ndiyo, Lardner akihesabu makosa ya wenzake!) Halafu anaeleza kanuni yenyewe. Chukua 1, 4, 9, 16, 25, yaani kila namba ikizidishwa kwa yenyewe. Tofauti zake ni 3, 5, 7, 9. Tofauti za hizo ni 2, 2, 2. Basi mashine haina haja ya kujua kuzidisha. Ijumlishe tu, hatua kwa hatua, na jedwali litajijaza.

Babbage hakuikamilisha mashine yake. Ila makala ile ilimfikia mchapishaji mmoja wa Stockholm, Georg Scheutz. Yeye na mwanawe Edvard wakaanza kuunda ya kwao. Ilishinda medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1855, kisha ikanunuliwa na kituo cha falaki (elimu ya nyota) cha Dudley, Albany, jimbo la New York. Ilifika huko 1857, Lardner akiwa bado hai.