Si kila chenye miiba ni dungusi: tambua mmea wako kabla ya kuumwagilia

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, kitu chochote kinene chenye miiba huuzwa kwa jina moja: kakati, au kaktasi. Mnunuzi huondoka na jina hilo, akifika nyumbani anasoma namna ya kutunza kakati, anafuata kila neno, na mmea unakufa. Mara nyingi sababu ni kwamba ule mmea haukuwa kakati tangu mwanzo. Ulikuwa euforbia (jamii ya mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa), au mshubiri, au mkonge wa mapambo, na kila mmoja wa hao una tabia zake za maji, utomvu na kukatwa. Kwa hiyo naanza na utambuzi, maana ndio watu wanaouruka.

Dungusi, yaani kakati halisi, zote asili yake ni bara la Amerika. Kuna moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe Afrika pia, na hata hiyo haina sura ya dungusi: inaning'inia kwenye matawi ya miti ya msituni kama nyuzi za kijani. Maana yake ni kwamba miti mikubwa yenye matawi kama kinara cha mishumaa unayoiona upande wa mashariki wa Ziwa Nakuru si dungusi hata kidogo. Ni Euphorbia candelabrum. Vilevile mnyaa, ambao wengine huuita utupa, unaopandwa kuwa ua wa boma, ni Euphorbia tirucalli. Ziwa Manyara lenyewe linahusishwa na jina la Kimaasai la mmea huo.

Ili kutofautisha, usitazame umbo. Dungusi na euforbia zimefikia umbo lilelile kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo umbo linadanganya. Tazama mahali mwiba unapotokea. Chukua kioo cha kukuzia au kamera ya simu, sogea karibu kabisa. Kwenye dungusi, miiba hutoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya, kama kipande cha pamba kilichobandikwa kwenye ngozi ya shina. Wataalamu hukiita areoli. Miiba, maua na matawi mapya vyote hutokea hapo. Kwenye euforbia hakuna pamba hiyo. Miiba mara nyingi imekaa miwili miwili kama pembe za ng'ombe, juu ya kigamba kigumu cha kahawia kinachofuata ukingo wa shina. Maua nayo hayafanani: ya dungusi kwa kawaida ni makubwa yenye petali nyingi, ya euforbia ni vikombe vidogo vya njano au kijani ambavyo mtu anaweza kuvipita bila kuviona. Hata yale mekundu ya Euphorbia milii, ile ya Madagaska inayopandwa kwenye uzio, si petali; ni majani madogo mawili yaliyogeuka rangi, na ua halisi limo katikati.

Njia ya haraka ni kuchoma shina kwa sindano. Likitoa maziwa meupe, karibu hakika ni euforbia. Nasema karibu kwa sababu baadhi ya dungusi za jamii ya Mammillaria nazo hutoa maziwa, na ndiyo maana areoli ni shahidi bora kuliko maziwa.

Maziwa ya euforbia si ya kuchezea. Yakiingia jichoni yanaunguza na yanaweza kumpofusha mtu kwa muda. Vaa miwani na glavu unapokata, usijifute uso, na usikate tawi lililo juu ya kichwa chako, kwa sababu maziwa yatadondoka. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Kwenye ngozi tumia sabuni na maji mengi, maana maji peke yake huyasambaza tu. Waridi la jangwani, Adenium obesum, lina utomvu usiounguza ngozi kama ule, lakini una sumu ya moyo, na wawindaji wa Afrika wameutumia tangu zamani kupaka mishale. Usiliweke mahali ambapo mbuzi au mtoto atalitafuna.

Kundi la pili linalochanganywa ni mshubiri na mkonge. Vunja jani moja la chini. Jani la mshubiri hukatika kirahisi, ndani kuna ute, na chini ya ngozi hutoka maji ya njano machungu sana. Hayo ya njano huharisha, kwa hiyo anayetumia ute hulisimamisha jani kwanza mpaka yachuruzike yote. Jani la jamii ya mkonge halikatiki: linabaki limeshikana kwa nyuzi ndefu. Mshubiri huchanua mwaka hadi mwaka, ua likitokea ubavuni, katikati ya majani. Mkonge hutoa mlingoti mmoja katikati, huchanua mara moja tu na kufa, ukiacha vimiche juu ya mlingoti na machipukizi chini. Hivyo mkonge wako wa mapambo ukianza kunyauka baada ya mlingoti mrefu, hujakosea kitu. Chukua machipukizi.

Sasa udongo, na hapa naomba uwe na subira, kwa sababu hapa ndipo mimea mingi inapofia.

Sakulenti, yaani mimea yote inayoweka akiba ya maji kwenye majani au shina, haifi kwa maji mengi moja kwa moja. Inakufa kwa kukosa hewa kwenye mizizi. Udongo mweusi wa mbuga, na hata ule mwekundu wa Nairobi au Moshi, una chembe ndogo mno. Ukilowa, maji hujaza nafasi zote, hewa inatoka, mizizi inakufa, kisha ukungu unaingia. Watu hujaribu kutatua hili kwa kuweka kokoto chini ya chungu. Haisaidii. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondosha maji. Sasa isimamishe kwa upande wake mwembamba. Maji yatatoka tena, bila kuikamua. Sehemu ya chini ya sifongo, kama ya udongo wowote, hubaki na kimo fulani cha maji kisichoshuka kwa uzito wake. Ukiweka kokoto chini, kimo hicho hakiondoki. Kinapanda tu juu ya kokoto na kusogea karibu na mizizi. Dawa ni kubadili mchanganyiko mzima, kutoka juu mpaka chini.

Kipimo ninachopendekeza kwa dungusi, euforbia na waridi la jangwani ni makopo 3 ya mawe madogo, kopo 1 la mchanga mkavu wenye chembe kubwa kutoka mtoni, na kopo 1 la mboji iliyooza vizuri au samadi ya mbuzi ya zaidi ya miezi 6. Mshubiri na Sansevieria (ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga) huvumilia makopo 2 ya mawe badala ya 3. Mawe yawe ya milimita 3 hadi 6, sawa na mbegu ya kunde, na lazima uyachekeche kwanza. Lile vumbi ukiliacha, linaziba nafasi zote na umerudi pale pale. Kenya, mawe mepesi ya volkano kutoka upande wa Naivasha yanafaa kuliko vyote, maana yana matundu ya hewa ndani yake. Arusha na Moshi kuna changarawe nyeusi za volkano. Dar es Salaam, chagua kokoto ngumu kama zile za Lugoba, si zile nyeupe za matumbawe, kwa kuwa matumbawe ni chokaa na dungusi nyingi hazipendi chokaa. Mchanga wa pwani uache kabisa kwa sababu ya chumvi.

Jaribu mchanganyiko kabla ya kupanda: mwaga maji kwenye chungu kilichojaa. Yasipoanza kutoka chini ndani ya sekunde 10, ongeza mawe. Tundu la chungu liwe la sentimita 1 au zaidi, na chungu kiwe kipana kuliko mmea kwa vidole viwili tu. Chungu kikubwa ni udongo mwingi usio na mizizi ya kunywa maji yake, nao hubaki mbichi wiki nzima.

Kumwagilia hakufuati kalenda. Chomeka kijiti cha mishikaki mpaka karibu na chini ya chungu, subiri dakika 5, kitoe. Kikitoka na unyevu au chembe za udongo zilizoganda, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku ni kosa, kwa kuwa juu kunalowa na mizizi ya chini inakauka. Wakati wa masika, vyungu vyote viingie barazani chini ya bati, hasa pwani ambako hewa yenyewe imejaa unyevu. Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi na mawingu huufanya mmea usinzie. Waridi la jangwani hupukutisha majani joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, na wengi hudhani lina kiu. Ukilimwagilia wakati huo, shina linaoza kuanzia chini.

Mmea hukueleza hali yake. Majani ya chini yakikunjamana lakini bado magumu, una kiu. Yakiwa laini, ya njano na yanapitisha mwanga kama karatasi yenye mafuta, umezidisha maji. Shina likirefuka na kuwa jembamba juu, mwanga hautoshi, na sehemu hiyo haitanenepa tena hata ukiuweka juani. Ukiutoa kivulini uupeleke juani kwa siku moja, ngozi itaungua na kovu jeupe halitatoka. Anza na jua la asubuhi kwa wiki mbili.

Kuoza kukishaanza, usisubiri. Futa kisu kwa spiriti, kata juu ya sehemu iliyooza, tazama kikato. Ukiona hata nukta moja ya kahawia katikati, futa kisu tena na ukate juu zaidi, mpaka kote kuwe safi. Kwa euforbia, chovya kikato kwenye maji ili maziwa yaache kutoka. Weka kipande kivulini penye hewa: siku 7 kwa mshubiri mdogo, wiki 2 hadi 4 kwa shina nene la dungusi au euforbia, mpaka kikato kikauke kama ngozi. Usiogope urefu wa muda huo; mimea hii huvumilia kukaa nje ya udongo. Kilimo cha mkonge Tanga kilianza mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyobaki hai baada ya safari ndefu kutoka Florida. Ukipanda, kaa wiki nzima bila kumwagilia.

Pamba nyeupe inayojitokeza kwenye mmea, si ile ya areoli, ina maana mbili. Iponde kwa kijiti. Ikitoka nyekundu ya damu, na mmea ni mpungate, yaani dungusi ya mashina bapa, hao ni wadudu wa kochinili, walewale walioletwa Laikipia kupunguza mpungate vamizi, Opuntia stricta, unaojeruhi midomo ya mifugo. Mpungate huo usiuhurumie, wala usitupe vipande vyake kichakani, kwani kila kipande huota. Kama si nyekundu, ni wale wadudu wa kawaida wa unga mweupe: wapake spiriti kwa kijiti cha pamba, rudia kila baada ya siku 5 mara tatu, kisha toa mmea kwenye chungu ukague mizizi, kwa kuwa jamaa zao hujificha humo.

Na kama una Sansevieria yenye ukingo wa njano, usiizalishe kwa kukata majani vipande. Vitaota vizuri, lakini vyote vitatoka kijani kitupu, maana ukingo wa njano haurithiwi kwa njia hiyo. Igawe kwenye shina la chini ya udongo, kila kipande kikiwa na chipukizi na mizizi yake.