Picha ya Skrini Haitoshi: Namna ya Kuripoti Majina Yanayoharibika Kwenye Kihariri Matini

Tangu baadhi ya ofisi za kata zianze kuhamishia kwenye kompyuta orodha za wavuvi na wachuuzi wa samaki, kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mwanza kimekuwa kikipokea malalamiko ya aina moja: jina kama Ng'wandu, lililoandikwa vizuri Igoma, likifunguliwa kwenye kompyuta ya Kirumba husomeka "Ngâ€™wandu", au mahali pa ritifaa (alama ya ') hutokea alama ya kuuliza ndani ya umbo jeusi. Tunawashukuru wanaoripoti. Hata hivyo, karibu kila ombi la msaada hutufikia likiwa na picha ya skrini peke yake na maelezo kwamba kompyuta ina kirusi.

Si kirusi. Tumelisema jambo hili mara nyingi, na bado zipo ofisi zinazofuta programu zote na kuzisimika upya, kisha hukuta majina yaleyale yameharibika vilevile, kwa sababu hitilafu inatokana na namna faili lilivyohifadhiwa na namna linavyosomwa.

Ritifaa iliyonyooka, ile inayopatikana moja kwa moja kwenye kibodi, huhifadhiwa kwa baiti moja (kipande kidogo cha data ndani ya faili) ambayo karibu mifumo yote huisoma kwa namna moja. Word, kwa upande wake, huibadilisha yenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8, usimbaji (yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti) unaotumika zaidi siku hizi, huchukua baiti tatu. Kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusomea matini, kinachosoma faili hilo kwa usimbaji wa zamani wa Windows huzichukulia baiti hizo kuwa herufi tatu tofauti, na ndipo "â€™" huonekana. Hali ya kinyume pia ipo: kabla ya Windows 10 toleo 1903, lililotoka mwaka 2019, Notepad, kihariri kinachokuja na Windows, ilihifadhi mafaili kwa usimbaji wa zamani isipoelekezwa vinginevyo, ambamo ritifaa iliyopinda ni baiti moja isiyokubalika katika UTF-8; hivyo faili hilo likifunguliwa kwenye Linux, mfumo endeshi tofauti na Windows, kwa kihariri kinachotarajia UTF-8, alama ya kuuliza huchukua nafasi yake. Hii ndiyo sababu katika orodha moja jina lililochapwa kwa mkono hubaki salama, na lililonakiliwa kutoka Word huharibika. Katika kanda yetu, yenye majina mengi ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w, tofauti hii ndogo hugusa watu wengi, na mvuvi ambaye jina lake limekosewa kwenye orodha ana haki ya kulalamika.

Tunasisitiza jambo moja kuliko mengine: ukiona alama hizo, funga faili bila kulihifadhi. Ukihifadhi, alama ya kuuliza huandikwa ndani ya faili badala ya baiti ya awali, na hapo hakuna fundi atakayejua palikuwa na nini. Kunakili maneno na kuyabandika kwenye WhatsApp hakusaidii, kwa kuwa kinachotufikia ni kile ulichokiona, ilhali tunachohitaji ni baiti zilizomo.

Ili kuiibua hitilafu upya, sisi mafundi hulifungua faili lilelile kwenye kompyuta tatu, yenye Windows ya zamani, yenye Windows mpya na yenye Linux, tukibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza kihariri, kisha usimbaji, kisha fonti, na mwisho ukubwa wa maonyesho ya skrini, kwa mfano kutoka asilimia 100 hadi 125. Anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hatajua kipi kilileta tofauti.

Kwa hiyo ombi litapokelewa likiwa na faili halisi, jina na toleo la mfumo endeshi, jina na toleo la kihariri, fonti iliyotumika, na maelezo ya mahali faili lilipoandikwa kwanza. Ombi lisilo na faili hurudishwa siku hiyohiyo, wala halihesabiwi kuwa limepokelewa. Kwa kuwa orodha hizo zina taarifa za wananchi, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtumishi atakayezisambaza kwenye makundi ya simu anaweza kukabiliwa na hatua za kinidhamu na za kisheria. Faili liletwe kwa flashi na kukabidhiwa kwa saini, flashi irudishwe mbele ya mwenyewe baada ya nakala kuchukuliwa, na nakala hiyo ifutwe ombi likifungwa. Walio Ukerewe na visiwa vingine hawalazimiki kupanda kivuko kwa ajili hiyo: walifunge faili kwa nywila, walitume kwa baruapepe ya ofisi, na nywila waitaje kwa simu, si katika baruapepe hiyohiyo.

Ombi halifungwi mpaka hitilafu ionekane kwenye angalau mashine yetu moja, irekebishwe, na mleta ombi athibitishe kwenye kompyuta yake kwamba majina yote yanasomeka.