Mwezi wa tano ushachelewa: bajeti ya kaunti haipangwi siku ya mkutano

Kila mwaka ukifika mwezi wa tano watu hunitumia lile tangazo la gazetini, ati wananchi wakaribishwa kutoa maoni juu ya makadirio ya bajeti ya kaunti, ukumbi fulani, saa tatu asubuhi, na chini yake mtu ameandika "usipoteze nauli yako, hawa washapanga zamani." Mwaka huu limenijia kwa kila kundi la WhatsApp nilimo, la mtaa, la msikiti, la wazazi wa shule, na maneno ni yaleyale. Nimechoka kuyajibu vipande vipande. Kazi yangu ni kusaidia wakaazi wa hapa Mombasa kusoma bajeti na kuandika maoni, basi hebu niseme lote pamoja.

Ndiyo, washapanga. Mwezi wa tano bajeti ishapangwa na sheria yenyewe ndivyo inavyotaka. Kinachonikera ni ile hitimisho watu wanayoitoa hapo, ati kwa hivyo maoni ya mwananchi hayana kazi. Yana kazi, lakini yapelekwe wakati bado kuna kitu cha kuamua, na wakati huo ni miezi mingi kabla ya huo mkutano mnaouona gazetini.

Kalenda iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, haijafichwa. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai. Sasa kwa bajeti itakayoanza Julai mwakani, ADP, yaani mpango wa maendeleo wa mwaka, yatakiwa iwe imefika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba mwaka huu. Miezi kumi kabla! Humo ndimo miradi inapotajwa. Halafu kufikia 28 Februari hazina ya kaunti yapeleka CFSP, ile taarifa ya mkakati wa fedha, na hiyo ndiyo inayogawa mkate: afya hiki, barabara hiki, maji hiki, elimu ya chekechea hiki. Wawakilishi wa wadi, yaani ma-MCA, wana siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha. Makadirio yenyewe, lile libuku nene ambalo watu wote wadhani ndiyo bajeti, huja kufikia 30 Aprili, na kabla ya 30 Juni yawe yashapitishwa.

Kwa hivyo ukisimama mwezi wa tano ukasema "afya iongezwe pesa," umesema jambo zuri ambalo liliamuliwa mwezi wa pili. Na mwezi wa pili ukumbi ulikuwa mtupu. Sheria hiyohiyo kifungu cha 117 yaiambia hazina ya kaunti itafute maoni ya umma inapoandika CFSP na iyazingatie, lakini sijawahi kusikia kwa kundi lolote la mtaa mtu akiuliza "jamani, CFSP ishatoka?" Samaki hukunjwa angali mbichi, na huku kwetu watu huja na nguvu zote akiwa ashakauka.

Sasa nije kwa ile kanuni ambayo lau kila mkaazi angeijua mikutano ingebadilika. Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za serikali za kaunti, za 2015, yasema bunge la kaunti likifanyia makadirio mabadiliko, fungu la idara haliwezi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake, yaani kile kiwango cha juu ilichowekewa idara. Asilimia moja. Na ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha yenyewe inaongeza kwamba ukiongeza mahali lazima upunguze mahali pengine. Hebu tupige hesabu, tuseme fungu la barabara ni bilioni moja, nambari ya mfano tu. Asilimia moja ni milioni kumi. Mombasa ina wadi 30. Watu wa wadi 30 wamekaa tangu asubuhi, huyu ataka kabro, yale matofali ya kutandaza njiani, huyu mtaro, huyu mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti, pale kwenye kona vijana wanapopora watu, na fungu lote la idara laweza kuongezeka milioni kumi, basi. Ndani ya fungu mwakilishi aweza kuhamisha, atoe barabara hii aweke ile, hilo lawezekana, lakini hapo hamgombani tena na serikali, mwagombana na watu wa Jomvu au Likoni ambao nao wana shida kama yenu, na atakayeshinda ni yule ambaye MCA wake yuko kwenye kamati ya bajeti.

Watu wakitoka pale wanasema wamedharauliwa. Hawakudharauliwa na kanuni, walicheleweshwa na wale ambao kazi yao ilikuwa kuwaambia mapema, na humo natia kaunti nyingi, natia vyombo vya habari, natia na mashirika yanayokuja kutufanyia semina hotelini mwezi wa tano kwa sababu mwaka wao wa ufadhili ndio waisha.

ADP nayo si Kurani wala Biblia, kuwemo ndani hakumaanishi utajengewa. Lakini kutokuwemo ni balaa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mpango uliopitishwa. Mtaro wako usipokuwa kwenye mpango wa miaka mitano, ule CIDP wa 2023 hadi 2027, wala kwenye ADP ya mwaka, afisa ana sababu halali kabisa ya kukuambia hapana, na atakuambia kwa upole huku akikupa chai.

Na ukiipata hiyo ADP usianze kuisoma mwanzo, kule kuna dibaji na picha. Nenda kwenye majedwali. Kila mradi una safu zake: jina la mradi, mahali, kazi itakayofanywa, gharama, pesa zatoka wapi, muda, idara. Weka kidole kwenye safu ya mahali ushuke nayo pole pole. Utakuta "Kisauni," "Changamwe," halafu utakuta "kaunti nzima," "kaunti nzima," "kaunti nzima." Hapo ndipo roho yangu huungua. Ukarabati wa barabara, kaunti nzima, mamilioni kadhaa. Mitaro ya maji ya mvua, kaunti nzima. Mradi wa namna hiyo hauna mwenyewe. Mwaka ukiisha huwezi kumuuliza mtu "mbona hamkufanya," kwa sababu atakuonyesha mita mia mbili mahali popote na kazi itakuwa imefanyika. Wakati mwingine kuna sababu ya kweli, kwa mfano dawa za zahanati zote hununuliwa pamoja, au mashimo ya dharura baada ya mvua ambayo hayajulikani yatatokea wapi. Lakini kabro? Kabro yajulikana inatoka wapi kwenda wapi. Ikiwa una nafasi ya kutoa maoni moja tu mwaka mzima, yatoe hapo: mwombe afisa aandike jina la mahali. Ni maoni yasiyogharimu kaunti hata shilingi na ni magumu kuyakataa mbele ya watu.

Kuna mambo nitayapitia haraka kwa sababu yameshasemwa sana na bado yarudi. Feri ya Likoni si ya kaunti. Barabara ya kwenda Malindi na ile ya Nairobi inayopita Changamwe ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu ya serikali kuu, gavana hana fungu lake. Polisi si wa kaunti. Shule ya msingi na sekondari si ya kaunti, chekechea ndiyo. CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni ya mbunge, usimfuate MCA nayo. Taka, mitaro ya mvua, taa za barabarani, maegesho, masoko, zahanati, hizo ndizo za kaunti, ziko kwenye Jadwali la Nne la Katiba. Na ada za parking na leseni huwekwa na mswada wa fedha, ambao ni hati nyingine yenye mkutano wake, haufai kuujadili kwenye makadirio, utapigwa kelele bure.

Linalofuata ni zito zaidi, na ndilo linalowavunja watu moyo wale waliofuata kila kitu sawasawa. Mradi umetajwa, umewekewa pesa, bajeti imepita, na mwaka umeisha bila hata koleo kuonekana. Watu wanasema pesa zimeliwa. Zingine huliwa, mimi sitetei mtu, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu. Lakini bajeti ni ruhusa ya kutumia, pesa yenyewe ni jambo lingine. Pesa za kaunti zatoka sehemu mbili kubwa, mgao wa serikali kuu kutoka Nairobi na mapato tunayokusanya wenyewe, na zote mbili huteleza. Mwaka wa 2024/25 mgao wa kaunti zote ulianza ukiwa bilioni 400.1, mswada wa fedha wa kitaifa, ule wa kodi, ukaondolewa baada ya maandamano, na mgao ukashushwa hadi bilioni 387.4, na wakati huo bajeti nyingi za kaunti zilikuwa zishapita kwa hesabu ya kwanza. Mapato ya ndani nayo, ripoti za Msimamizi wa Bajeti zaonyesha kaunti chungu nzima hazifikii lengo walilojiwekea. Lengo likiwekwa juu, bajeti yabalansi kwenye karatasi na kila wadi yapata mradi wake, kila mtu anafurahi mwezi wa sita. Pesa zikipungua mishahara haipungui, madeni ya wakandarasi wa miaka iliyopita yako mbele kwenye foleni, na kinachokatwa ni mtaro wenu. Hukatwa kwenye bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti mwaka ukiwa unaendelea, ambayo hupita kimya kimya, na nadra sana kuona mkaazi akiifuatilia.

Ndiyo maana nawaambia watu swali la kuuliza ukumbini ni moja: mwaka jana mlikadiria kukusanya kiasi gani, na mlikusanya kiasi gani? Usiulize kingine mpaka lijibiwe. Ikiwa pengo ni kubwa, basi orodha mnayosomewa ni ndefu kuliko pesa, na afadhali mjue mapema ni mradi gani utakaoachwa.

Kuna mashaka ninayo na sitayaficha, kwa sababu vitabu vya mafunzo vyatuambia ushirikishwaji ni mzuri, kwisha. Mimi naamini ni haki, iko kwenye Katiba, kifungu cha 201 chasema wazi uwazi na ushirikishwaji wa umma kwenye mambo ya fedha. Lakini anayekuja mkutanoni saa tatu asubuhi siku ya kazi ni nani? Mama anayeuza mahamri hawezi, dereva wa tuktuk hawezi, kibarua wa bandarini hawezi. Wanaokuja ni walewale, na baadhi wameletwa kwa gari na mtu mwenye mradi wake. Pia watu wakiulizwa wataka nini husema kitu cha kuonekana, mlingoti wa taa, geti la soko, jengo jipya la zahanati. Sijasikia ukumbi ukipiga makofi kwa ajili ya kuzibua mitaro kabla ya mvua za masika au kununua vipuri vya lori la taka, na mji huu unaumizwa zaidi na hayo. Sasa nikiwasaidia watu kusema kwa sauti, je, nawasaidia kuchagua vizuri? Kuna miaka naona ndiyo, kuna miaka sina jibu. Na kaunti hazina mazoea ya kurudi kusema "maoni yenu haya tumeyakubali, haya tumeyakataa kwa sababu hii," kwa hivyo hata kupima matokeo ni taabu.

Ila msiniambie maoni hayana meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya kukusanya pesa, chini. Jaji alisema kaunti yapaswa kutumia kila njia ya maana watu wapate habari, akataja misikiti, makanisa, mahekalu, mabaraza, redio. Ndiyo maana kila kaunti leo yahangaika kuonyesha karatasi ya mahudhurio. Saini yako pale ina thamani kwao, kwa hivyo usiisaini kama hukupewa hati ya kusoma. Omba waandike kwenye kumbukumbu kwamba hati haikutolewa.

Na maoni yaandikwe. Ya mdomo hupotea. "Twaomba barabara" si maoni ya bajeti. Andika hivi: wadi ya Magogoni, mtaro wa maji ya mvua kutoka msikitini hadi barabara ya lami, urefu takriban mita fulani, idara fulani, uingizwe kwenye ADP ya mwaka fulani kwa jina, na pesa zipunguzwe kwenye safari na semina za idara hiyohiyo. Ukitaja pa kutoa pesa umemwondolea afisa jibu lake rahisi.

ADP ikifika bunge Septemba, itafute kwenye tovuti ya kaunti. Usipoiona, andika barua kwa katibu wa kaunti kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, taja jina la hati na mwaka wa fedha, huhitajiki kueleza waitakia nini. Wana siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa kwa Tume ya Haki ya Utawala, wana ofisi Mombasa pia, na hawatozi kitu.