Ukristo na dini nyingine: tunayoambiana huku Mwanza ambayo siyo kweli

Hapa Mwanza dini hazikai mbalimbali. Mjini kati kuna kanisa, kuna msikiti, kuna hekalu la Wahindu, na kwenye daladala ya Buhongwa mama mwenye rozari kakaa na mama mwenye hijabu wanaongelea bei ya dagaa. Tunaishi vizuri tu, ila kiukweli hatujuani, mtu anakaa na jirani Mwislamu miaka yote na bado anachojua kuhusu Uislamu ni kile alichosikia kwenye spika za mkutano wa injili, na Mwislamu naye anachojua kuhusu Ukristo ni kile kilichosemwa kwenye mhadhara. Mimi ni Mkristo, naamini Yesu ni Bwana na sifichi, na ndiyo maana inaniuma nikisikia Mkristo mwenzangu anatetea imani yetu kwa kusema vitu vya uongo kuhusu imani za wenzetu. Tofauti zipo, tena kubwa sana. Ila mara nyingi siyo hizo tunazozitajaga.

"Dini zote ni moja, njia tu ndo tofauti"

Hii naisikia kwa watu wapole wasiopenda ugomvi. Wanasema ni kama kwenda Ukerewe, mmoja anapanda meli hapa mjini, mwingine anazunguka Bunda akavuke Kisorya, mwisho wa siku wote mnakutana Nansio. Nia yao ni njema lakini ukweli ni kwamba hatuendi wote Nansio. Muulize kila mmoja tatizo la binadamu ni nini, utaona majibu hayafanani kabisa. Mkristo atakwambia ni dhambi, kwamba mtu ametengwa na Mungu na hana uwezo wa kujirudisha mwenyewe, anahitaji kuokolewa. Mwislamu hakubali habari ya dhambi ya kurithi, Adamu alikosea akatubu akasamehewa yakaisha, na shida ya mtu ni kusahau na kupotea, kwa hiyo anahitaji mwongozo na kujisalimisha kwa Mwenyezi Mungu. Mbuddha anasema tatizo ni mateso yanayoletwa na tamaa na kung'ang'ania vitu, na mafundisho yake hayahitaji Mungu muumbaji kabisa, Buddha mwenyewe alikuwa mtu aliyeamka na siyo mungu. Mhindu anaongelea kufungwa kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena, na lengo ni kutoka humo. Sasa watu ambao hata tatizo hawakubaliani utasemaje jibu lao ni moja? Kusema hivyo ni kama kutomsikiliza yeyote kati yao.

"Waislamu hawamwamini Yesu"

Jamani, hii tuiache. Kurani inamtaja Isa kwa jina mara kama 25. Sura ya 19 inaitwa Maryam, na Mariamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake kwenye Kurani yote. Waislamu wanaamini alizaliwa na bikira, wanaamini alifanya miujiza, wanamwita Masihi, na wengi wao wanaamini atarudi. Mwislamu akimtukana Yesu anakuwa amevunja dini yake mwenyewe.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Iko msalabani. Sura ya 4 aya ya 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, na kwao Isa ni nabii mkubwa, mtumishi wa Mungu, basi. Sisi tunasema alisulubiwa kweli, akafa kweli, akafufuka, na kwamba yeye ni Mungu aliyefanyika mtu. Hapo hakuna katikati na wala hatuna haja ya kulazimisha katikati, ndiyo sehemu yenyewe tunayoachana njia na kila mmoja anajua kwa nini.

"Wakristo wana miungu watatu, na walimfanya Yesu kuwa Mungu kwa kupiga kura Nikea"

Hii inatoka upande wa pili, na nakubali kwamba sisi wenyewe tunaielezea vibaya, ukimuuliza muumini wa kawaida Utatu ni nini anakwambia nenda kamuulize padri. Imani ya Kikristo ni Mungu mmoja, nukta. Yesu mwenyewe alipoulizwa amri iliyo kuu alianza na maneno ya Kumbukumbu la Torati kwamba Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja, ipo Marko 12:29. Tunachosema ni kwamba huyo Mungu mmoja ni Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, siyo watu watatu waliogawana mbingu. Mariamu hayumo kwenye Utatu kama wengine wanavyodhani, hajawahi kuwemo kwenye mafundisho ya kanisa, siyo la Katoliki wala lingine kubwa unalolijua. Na tukisema Mwana wa Mungu hatumaanishi Mungu alikuwa na mke akazaa, wazo hilo Mkristo analikataa kwa nguvu ileile anayoikataa Mwislamu.

Alafu habari ya Nikea. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu kwenye mji huo, ulikuwepo kweli, mwaka 325, na Kaizari Konstantino ndiye aliyeuitisha. Ila Wakristo hawakuanza kumwabudu Yesu siku hiyo. Barua ya Paulo kwa Wafilipi iliandikwa karne ya kwanza na inasema Yesu alikuwa yuna namna ya Mungu. Na kuna gavana mmoja wa Kirumi, Plinio, siyo Mkristo, tena alikuwa anawatesa Wakristo, alimwandikia Kaizari Traiano kama mwaka 112 akaeleza kwamba hawa watu wanakutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea. Kilichobishaniwa Nikea ni namna ya kulieleza hilo, padri mmoja anaitwa Ario alisema Mwana ni kiumbe, wa kwanza na mkubwa kuliko wote lakini kiumbe, na mtaguso ukakataa. Mtu anaweza kutokubaliana na sisi, ni haki yake, ila asitumie historia isiyokuwepo.

"Biblia kwa Wakristo ni sawa na Kurani kwa Waislamu"

Hapa nakaa kidogo maana ndipo naona watu wengi tunapishana bila kujua, hata walimu wa dini. Kwa Mwislamu Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, yameshuka kwa Kiarabu, na ndiyo maana mtoto wa madrasa pale Kirumba anaihifadhi kwa Kiarabu na swala inaswaliwa kwa Kiarabu iwe Mwanza iwe Jakarta, na tafsiri ya Kiswahili wanaiheshimu ila wanaihesabu kama maelezo ya maana, siyo Kurani yenyewe. Sasa sisi, Neno la Mungu lililoshuka kwanza kabisa siyo kitabu, ni Yesu. Yohana 1:14, Neno alifanyika mwili. Biblia ni ushuhuda uliovuviwa unaomwelekea yeye, umeandikwa na watu wengi, kwa karne nyingi, kwa Kiebrania na Kiaramu na Kigiriki. Yesu aliongea Kiaramu lakini Injili zimetufikia kwa Kigiriki, yaani tangu mwanzo maneno yake mengi tunayo kwa lugha ya watu wengine. Ndiyo maana Wakristo hawaoni shida kuitafsiri, bibi kijijini Magu anasoma Biblia ya Kisukuma na hakuna atakayemwambia hiyo siyo Biblia.

Ukilielewa hili utaona kwa nini mabishano ya "kitabu chenu kina waandishi wengi" na "chenu kina mmoja" hayaendi popote. Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha Kurani na Yesu mwenyewe, kila upande na kile unachosema Mungu ametupa.

"Wakristo tunaokolewa kwa neema, wengine wote ni matendo tu"

Hii ndo pointi inayopendwa sana na wahubiri wetu na nusu yake siyo kweli. Sura zote za Kurani isipokuwa ya 9 zinaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu, na kuna hadithi sahihi ya Mtume inayosema hakuna atakayeingia peponi kwa matendo yake, hata yeye, isipokuwa Mungu amfunike kwa rehema. Wayahudi wanasoma Kutoka 34:6, Mungu mwingi wa huruma na neema, waliisoma kabla yetu. Wahindu wengi wanashika njia ya kumpenda Mungu na kutegemea fadhili zake. Na Japani kulikuwa na mwalimu wa Kibuddha anaitwa Shinran, alikufa 1263, alifundisha kwamba mtu hawezi kujiokoa kwa juhudi zake hata kidogo, ategemee tu ahadi ya Buddha Amida, ambaye siyo yule Buddha mwanzilishi. Wamisionari Wakristo walipofika Japani karne ya 16 walishangaa kukuta mafundisho kama yale.

Upande wetu nao Yakobo anasema imani bila matendo imekufa, na Wakatoliki na Walutheri walibishana juu ya hili karne kadhaa mpaka wakasaini tamko la pamoja mwaka 1999.

Kwa hiyo usiseme wengine hawajui rehema. Sema hivi: sisi tunaamini rehema hiyo ilitokea mahali fulani siku fulani, chini ya Pontio Pilato, ambaye alikuwa gavana Uyahudi kuanzia mwaka 26 mpaka 36. Jina la Pilato lipo kwenye kanuni ya imani tunayoisali kila Jumapili, na lipo pale kwa sababu hiyo. Mafundisho ya Buddha yanabaki yalivyo hata kama hujui alizaliwa wapi. Mtume Muhammad alisema yeye ni mjumbe, ujumbe siyo yeye. Ila Ukristo ukiuondolea Yesu aliyekufa na kufufuka haubaki hata kipande, Paulo kasema mwenyewe kwenye 1 Wakorintho 15:14, kama Kristo hakufufuka basi kuhubiri kwetu ni bure. Ni dini iliyojiweka hatarini namna hiyo kwa hiari yake, na mimi hapo ndipo imani yangu imesimama.

"Kuchinja ni ibada kwa kila dini"

Kanda ya Ziwa hili siyo la kuongea juu juu. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuza ulifika mpaka mchungaji akauawa. Kwa Mwislamu kuchinja kuna sharti, jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Kwa Myahudi vilevile kuna utaratibu wake. Kwa Mkristo hakuna ibada ya kuchinja, maana Waebrania sura ya 10 inafundisha kwamba sadaka imekwisha kutolewa mara moja, na Paulo aliwaambia Wakorintho wale chochote kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Kwa hiyo Mkristo anayekula nyama ya bucha la Mwislamu hajaabudu kitu, na Mkristo akichinja mwenyewe pia hajakosea, ila akijua jirani yake hatoweza kula basi Paulo huyohuyo, sura ya 8, anasema afadhali asile nyama kuliko kumkwaza ndugu. Alikuwa anaongelea waumini wenzake, mimi sioni kwa nini lisimhusu na jirani. Ethiopia ni tofauti kidogo, kule Wakristo wana desturi yao ya kuchinja na kila upande kwa kawaida unakula nyama yake.

"Ukristo ni dini ya wazungu"

Kwetu ulikuja na wazungu, hilo ni kweli, Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki lililotoka Ulaya, walifika Kageye, kando ya ziwa hapa Mwanza, mwishoni mwa 1878 na kutoka hapo Padri Lourdel na Bruda Amans wakavuka ziwa kwenda Uganda 1879. Lakini dini yenyewe ilianzia Yerusalemu, Asia. Towashi Mwethiopia anabatizwa kwenye Matendo sura ya 8, na Paulo anaingia Ulaya kwenye sura ya 16. Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, ilikuwa na mfalme Mkristo, Ezana, karne ya 4. Agustino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo. Na kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati hizi, Laurean Rugambwa, mwaka 1960, ni mtu wa Kagera, ng'ambo ya ziwa hilihili. Vilevile Uislamu siyo wa Waarabu tu, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote ni Indonesia.

"Wasukuma hawakumjua Mungu kabla"

Walimjua. Majina ya Seba, Liwelelo na Mulungu yalikuwepo kabla ya mmisionari yeyote, walimwomba mvua na uzima. Nenda Bujora pale Kisesa uone kanisa la mviringo lililojengwa kwa alama za Kisukuma. Tofauti iko kwenye nani anasimama kati. Mzee wa kimila anapitia kwa masamva, wahenga wa ukoo, na wao wanaweza kukasirika wakisahauliwa. Ukristo unasema mpatanishi ni mmoja, 1 Timotheo 2:5. Mkatoliki anawaomba watakatifu wamwombee na atakwambia hiyo haipingani na aya hiyo, mwenzake wa AIC (Africa Inland Church) atakwambia inapingana, na hilo wanabishana Wakristo wenyewe kwa wenyewe. Ila wote wawili watakwambia kwamba marehemu babu yako hana haja ya mbuzi.