Je, wajua kwa nini jina lililoandikwa juu ya mlango wa baa ya Uingereza halikuwa la mwenye nyumba?

Katika mitaa ya zamani ya London, baa nyingi zilijengwa kwenye kona, mahali barabara mbili zinapokutana. Juu ya mlango wa baa ya enzi za Malkia Victoria (1837–1901) palikuwa na maandishi madogo yaliyotakiwa na sheria: jina la mtu, aina ya vinywaji anavyoruhusiwa kuuza, na kama vinaweza kunywewa humo humo. Mpita njia angedhani huyo ndiye mwenye nyumba. La hasha. Huyo ndiye mwenye leseni. Nyumba yenyewe, mara nyingi, ilikuwa mali ya kiwanda cha bia au ilikuwa imewekwa rehani kwake. Tutamwita mwenye baa, kwa sababu ndivyo majirani walivyomjua, lakini kumwita mwenye nyumba ni kosa.

Mambo yalifikaje hapo? Mwaka 1830 Bunge lilipitisha sheria ya nyumba za bia. Kabla ya hapo, leseni ilitolewa na mahakimu wa wilaya, na wenye viwanda vikubwa walikuwa wameshika soko. Serikali ilitaka ushindani, na ilitaka watu waache pombe kali ya jin wanywe bia. Kwa hiyo mlipa kodi yeyote aliyelipa pauni 2 na shilingi 2 kwa mwaka kwa ofisi ya ushuru aliruhusiwa kuuza bia nyumbani kwake, bila kumwona hakimu. Hakuruhusiwa kuuza pombe kali. Fundi viatu aliigeuza sebule yake kuwa kilabu, mkewe akahudumia. Nyumba hizo zikaota kama uyoga: maelfu kwa maelfu katika miaka michache tu.

Uhuru huo wa kuuza bia bila kumwona hakimu ulikoma mwaka 1869, nyumba za bia ziliporudishwa chini ya mahakimu. Zile zilizokuwepo tayari zililindwa: hakimu aliweza kuzinyima leseni kwa sababu nne tu, kwa mfano tabia mbaya ya mwombaji au nyumba kuwa na vurugu. Leseni mpya zikawa adimu, na kitu adimu hupanda bei. Kuanzia hapo kilichouzwa hakikuwa matofali na mbao, bali haki ya kuuza pombe katika jengo lile. Nyumba mbili za ukubwa mmoja, zilizopakana ukuta kwa ukuta, zilitofautiana thamani kupita kiasi kwa sababu moja ina leseni na nyingine haina.

Wenye viwanda waliliona hilo haraka kuliko mtu yeyote. Guinness ya Dublin ilipouza hisa kwa umma mwaka 1886, viwanda vingine vikafuata njia hiyo, na fedha zilizopatikana zikaenda kununua baa. Nje ya London, kiwanda kilinunua nyumba moja kwa moja na kumpangisha mwenye baa kwa masharti kwamba bia yote itatoka kwao. Mpangaji huyo alilipa kodi mbili. Ya kwanza iliitwa kodi kavu, yaani pango la kawaida, na mara nyingi ilikuwa ndogo. Ya pili iliitwa kodi ya majimaji: ilifichwa ndani ya bei ya kila pipa, maana aliuziwa ghali kuliko mwenye baa aliye huru. Anayeitazama kodi kavu peke yake hatauelewa uchumi wa baa hizi.

London ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye baa alinunua mkataba wa pango wa miaka mingi kwa mkopo. Kiwanda cha bia kilishika rehani ya kwanza, mtengenezaji wa pombe kali akashika ya pili, na mwenye baa akaongeza akiba yake ndogo. Siku ya makabidhiano walikuja madalali wawili, mmoja wa anayeondoka na mmoja wa anayeingia, wakahesabu kila kitu: mapipa, glasi, samani, hadi mabomba ya gesi. Katika miaka ya 1896 hadi 1899 bei za mikataba hiyo zilipanda kwa kasi ya kutisha, kisha soko likaanguka. Wengi walifilisika wakiwa ndani ya majengo mazuri kuliko yote waliyowahi kukaa, na inasikitisha kwamba sifa ya uzuri huo hupewa kampuni, huku walioulipia wakisahaulika.

Uzuri wenyewe ulikuwa na kazi. Neno baa, tunalolitumia hata sisi, asili yake ni kizuizi: ubao uliomtenga muuzaji na mnywaji. Baa ya Victoria iliweka kaunta katikati kama kisiwa, na nafasi ya wateja ikagawanywa kwa kuta za mbao na vioo vilivyochorwa kwa tindikali. Kila chumba kilikuwa na mlango wake wa barabarani. Vibarua waliingia upande mmoja, makarani upande mwingine, na bia ileile ilikuwa ghali zaidi kwenye chumba chenye viti vya kitambaa. Palikuwa pia na kijidirisha cha kununulia bia ya kwenda nayo nyumbani, ambako watoto walitumwa na majagi hadi sheria ya mwaka 1901 ilipokataza kuwauzia walio chini ya miaka 14 isipokuwa katika chombo kilichofungwa kwa lakiri. Akisimama katikati, mwenye baa aliviona vyumba vyote, wakati wateja wa chumba kimoja hawakuwaona wa kingine. Kwenye baa ya Prince Alfred, Maida Vale, bado utaviona vioo vidogo vinavyozunguka usawa wa uso, vilivyomficha mteja asitazamwe na mhudumu, na milango mifupi kwenye kuta za mbao ambayo mtu mzima hupita kwa kuinama. Princess Louise ya Holborn, iliyopambwa upya mwaka 1891, ilirudishiwa kuta zake mwaka 2008.

Kwa nini baa zenye vyumba vya aina hii zilibaki chache? Polisi na mahakimu hawakupenda vyumba vya kujificha. Mwaka 1891 Mahakama ya juu kabisa, katika kesi ya nyumba ya wageni ya kijiji cha Kentmere, iliamua kwamba hakimu anaweza kukataa kuhuisha leseni hata kwa sababu nyumba iko mbali na macho ya polisi na mtaa hauihitaji. Sheria ya mwaka 1902 ikaongeza kwamba marekebisho ya jengo yaidhinishwe na mahakimu. Mwenye baa aliyependa leseni yake alibomoa kuta.

Faida au hasara yake, hata hivyo, iliamuliwa chini ya ardhi. Pipa la kawaida lilibeba galoni 36, yaani painti 288, karibu lita 164. Liliteremshwa kwa kamba kupitia mlango wa sakafuni kando ya barabara, likalazwa juu ya boriti na kukazwa kwa kabari lisitikisike. Bia ile ilikuwa hai bado: hamira iliendelea kufanya kazi ndani. Kwa hiyo kigingi cha mti laini kilipigwa juu ili gesi itoke taratibu, kisha kikabadilishwa na kigumu ili isiishe yote. Dawa ya kusafishia, iliyotengenezwa kwa kibofu cha samaki, ilivuta mashapo yakatua chini kwa siku moja au mbili. Ndipo bilula ilipogongwa kwa nyundo ya mbao, pigo moja la nguvu, kwa sababu mapigo mengi dhaifu hurusha bia na kutibua mashapo. Pampu ya mkono, ambayo Joseph Bramah aliiwekea hataza mwaka 1797, iliivuta hadi kaunta.

Pipa likishafunguliwa, hewa huingia na bia huanza kuchacha. Siku tatu hivi ndizo salama. Aliyefungua mapipa mengi kuliko wateja wake alimwaga mtaji. Mashapo ya chini hayauziki, kwa hiyo zile painti 288 hazikutimia kamwe. Mabomba ya zamani yalikuwa ya madini ya risasi, na bia iliyolala ndani yake usiku kucha ilipaswa kumwagwa asubuhi. Ongeza kodi ya majimaji, ongeza desturi ya kumpa mteja nyongeza ya bure kwenye jagi ili asiende kwa jirani, utaelewa kwa nini baadhi walichakachua: maji ili iwe nyingi, chumvi ili mnywaji azidi kuona kiu.

Anayetaka kujua historia ya baa fulani na walioiendesha aanze na jina la mtu, si la baa. Nyumba za bia mara nyingi ziliorodheshwa kwenye vitabu vya anwani kwa jina la muuzaji na mtaa tu, bila jina la kibao. Alinganishe vitabu hivyo na sensa, iliyofanywa kila miaka kumi, kisha rejista za leseni za mahakimu, zinazoonyesha kila uhamisho. Jina la mwanamke likitokea ghafla, aangalie vifo vya mwaka ule: kwa kawaida ni mjane aliyehamishiwa leseni ya mumewe, na wengi wao waliendesha baa miaka mingi. Na namba ya nyumba isimdanganye. Kuanzia mwaka 1857 mitaa mingi ya London ilibadilishwa namba na hata majina, hivyo baa inayoonekana kuhama kutoka namba 12 kwenda 47 huenda haikusogea hata hatua moja. Hakika hupatikana kwa kutazama barabara zinazokatiza pande zake mbili katika kitabu cha mwaka uleule.