Sifa za kiongozi wa juu wa biashara: zaidi ya shahada na ulimi mtamu

Tunapozungumzia sifa binafsi za kiongozi wa juu wa biashara, hatuna maana ya ujuzi wake wa kusoma mizania au kuandaa mpango wa miaka 5. Hayo ni ya kazi, na kampuni kubwa huajiri watu wa kuyafanya. Sifa binafsi ni yale mtu anayokuja nayo mwenyewe: anavyopokea habari mbaya, anavyoamua wakati taarifa zilizopo hazijatimia, anavyokaa na walio chini yake, anavyoshika mali isiyo yake.

Yana uzito gani? Mkuu wa idara akiteleza, yupo aliye juu yake wa kumrudisha kwenye mstari wiki ileile. Mkurugenzi mtendaji hana mtu huyo. Bodi hukutana mara chache kwa mwaka, tena husoma makabrasha ambayo yeye na wasaidizi wake wameyaandaa. Habari za matawini nazo humfikia zikiwa zimepita mikono mingi, na kila mkono umezilainisha kidogo. Ndiyo maana kasoro ya tabia iliyokuwa kero tu ya ofisini alipokuwa meneja hugeuka hasara ya kampuni nzima akishapanda.

Ukihudhuria semina yoyote ya uongozi utapewa orodha: maono, haiba, ufasaha, kujiamini. Haiba, kwa maoni yangu, imepewa kiti cha mbele isichostahili. Tazama Safaricom ya Kenya, kampuni ya simu iliyoongozwa kwa takriban miaka ishirini na watu wawili tu, mmoja baada ya mwingine, na ambao hawakufanana hata kidogo.

Wa kwanza, Michael Joseph, mhandisi wa umeme kutoka Afrika Kusini, alishika usukani mwaka 2000 kampuni ikiwa na wateja wasiofika 20,000. Alipoondoka Novemba 2010 walikuwa zaidi ya milioni 16. Hakuwa mtu wa maneno laini. Wakenya wanakumbuka mpaka leo alivyosema hadharani kwamba wana tabia za ajabu za kupiga simu, kauli iliyozua kelele na utani usiokwisha. Aliyempokea, Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana aliyehamia Uingereza akiwa kijana, alikuwa kinyume chake: mpole, mpenzi wa jazi, mtu wa kujibu wateja mwenyewe kwenye Twitter. Hakuwa hata na shahada ya chuo kikuu. Aliongoza hadi alipofariki kwa saratani tarehe 1 Julai 2019, na kampuni ikaendelea kukua.

Mkali na mpole, msomi wa uhandisi na asiye na shahada, wote wawili wakafanikiwa kwenye kiti kilekile. Ukitaka kujua sifa zipi ni za lazima, tafuta walichokuwa nacho wote wawili, si kile kilichowapendeza wapiga picha.

Naanza na kile ninachokiona mzizi wa vingine: uwezo wa kuutazama ukweli ulivyo na kuacha mpango wako ukibidi. Hapa M-Pesa ndiyo mfano mzuri kuliko wote, na wengi huusimulia nusu. Huduma hiyo haikubuniwa ili watu watumiane pesa. Vodafone ya Uingereza, iliyokuwa na hisa katika Safaricom, ilipata ruzuku ya serikali ya Uingereza ili kutafuta njia ya watu wa kipato cha chini kupokea na kulipa mikopo midogo kwa simu. Majaribio yalianza mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, katika miji ya Nairobi na Thika. Wakopaji walipokabidhiwa simu, wakaanza mambo yao. Walitumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wafanyabiashara walilipana. Mwenye safari aliweka fedha kwa wakala wa mji mmoja na kuzitoa alikofika, asitembee na noti mfukoni.

Kiongozi mwenye kiburi angeyaita hayo matumizi mabaya ya mfumo na kuyapiga marufuku. Kwenye karatasi angekuwa na haki, maana fedha za mradi zilitolewa kwa kazi ya mikopo. Kilichofanyika ni kwamba suala la mikopo likawekwa kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa ujumbe mmoja mwepesi: tuma pesa nyumbani. Ndani ya mwaka mmoja wateja walipita milioni moja. Joseph hakuibuni M-Pesa; wabunifu wake walikuwa watu wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie. Mchango wake ulikuwa kuiamini, kuipa mtandao wa mawakala, na kukubali kwamba mteja amekwisha kuionyesha kampuni biashara ilipo. Alikwisha kufanya hivyo kabla, pale Safaricom ilipotoza simu kwa sekunde wakati mshindani wake Kencell akitoza kwa dakika. Mtu mwenye shilingi chache anajua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Sifa hii watu huiita unyenyekevu, lakini isichanganywe na upole wa sura. Joseph hakuwa mpole. Unyenyekevu wa kibiashara ni kuwa tayari kushindwa na ushahidi, hata ukiwa umeletwa na kijana wa kitengo cha mauzo aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Upande wake wa pili ni uthabiti, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu kubadilika na kuyumba kwa nje hufanana. Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha ya Kenya, aliagiza M-Pesa ikaguliwe, wakati ambapo mabenki yalikuwa yakilalamika kwamba kampuni ya simu inafanya kazi ya benki. Lingekuwa jambo rahisi kurudi nyuma. Safaricom haikurudi nyuma, na kwa kuwa ilikuwa imeshirikiana na Benki Kuu tangu mwanzo, haikukutwa na la kuficha. Mapema 2009 Benki Kuu ilitangaza kuwa imeridhika. Kiongozi hubadilika pale ukweli unapobadilika, na husimama pale yanapobadilika makelele tu. Kutofautisha hayo mawili hakufundishwi kwa siku mbili za hotelini.

Linganisha na yaliyotokea Afrika Kusini. Kampuni ya simu ya Vodacom ilipeleka M-Pesa huko mwaka 2010 ikilenga wateja milioni 10 na ikaishia na makumi ya maelfu ya watumiaji hai. Watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki. Mwaka 2016 kampuni ikaifunga huduma hiyo. Magazeti yaliita kushindwa, na kweli ilikuwa kushindwa, ila kufunga kitu ulichokitangaza kwa mbwembwe kunahitaji moyo ambao viongozi wengi hawana. Kinyume chake, Nakumatt, duka kubwa lililotapakaa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, liliendelea kufungua matawi huku wauzaji wake wakidai malipo. Januari 2020 wadai wakapiga kura lifilisiwe.

Uadilifu hauhitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila mtu anausifu. Ugumu uko kwenye kuuweka mahali unapoonekana. Mwaka 2015 Collymore aliweka hadharani mali na mapato yake, jambo ambalo wakuu wa makampuni binafsi hawalazimiki kulifanya, na ripoti za uendelevu za kampuni zilikuwa zikichapisha idadi ya wafanyakazi waliofukuzwa kwa udanganyifu. Kampuni nyingi za kwetu huficha idadi kama hiyo kama siri ya familia. Lakini mfanyakazi aliye kaunta, anayeshika fedha za watu kutwa nzima, huangalia bosi anafanya nini kabla ya kusoma mwongozo wa maadili.

Kuna na kujitambua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hakuna mgema anayesifiwa kuliko mkurugenzi mtendaji: jarida linampa tuzo, kila mkutano unamwita mgeni rasmi, wasaidizi wanacheka utani wake hata usipochekesha. Anayejifahamu hujiwekea watu wa kumwambia hapana, na hawaadhibu wakisema. Kwangu hicho ndicho kipimo cha haraka cha kiongozi yeyote: uliza ni nani aliyempinga mwaka jana, kisha uliza mtu huyo yuko wapi sasa.

La mwisho husahaulika sana Afrika Mashariki, hasa katika biashara za familia: kuandaa wengine. Oktoba 2017 Safaricom ilitangaza wazi kwamba Collymore anakwenda kutibiwa nje. Mkurugenzi wa fedha, Sateesh Kamath, akabeba jukumu kuu, na kazi haikusimama kwa miezi yote ambayo bosi hakuwepo. Hiyo ni alama nzuri ya kiongozi: akitoka, simu hazikatiki. Hata hivyo Collymore alipofariki, bodi ilimrudisha Joseph akaimu, na mkuu mpya, Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kushika kiti hicho, akaletwa kutoka nje ya kampuni na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 2020. Wapo wanaosema bodi ilitaka macho mapya. Mimi naona pia pengo: baada ya miaka ishirini ya mafanikio, kampuni hiyo ilipaswa kuwa na majina mawili matatu tayari ndani ya nyumba.

Je, sifa hizi huzaliwa nazo mtu au hujifunza? Uthabiti kwa sehemu ni maumbile. Kusikiliza, kuweka hesabu wazi na kulea warithi ni mazoea, na mazoea hujengwa mapema, ukiwa bado unasimamia watu watano. Kwa hiyo bodi inayotafuta mkuu mpya isijifungie na mwombaji na wasifu wake peke yake, maana kwenye usaili haiba ndiyo hushinda. Iwapigie simu waliowahi kufanya kazi chini yake, si mabosi wake wa zamani tu, na iwaulize jambo moja mahususi: mlipompelekea habari mbaya, alifanya nini saa ile ya kwanza?